Utafiti wa mifuatano ya kibiolojia: ukae idara ya kompyuta au maabara ya biolojia?

Chukua matangazo mawili ya nafasi ya utafiti chuo kikuu, yote yakitaka mtu wa kutumia ujifunzaji wa mashine kwenye mifuatano ya DNA na protini. Utadhani yameandikwa na mkono mmoja. Yote yanataka Python na PyTorch, yote yanataja modeli za lugha za protini (zinazojifunza kusoma mifuatano ya protini kama maandishi), na yote yanadai kundi linashirikiana kwa karibu na wataalamu wa fani nyingine. Mishahara inakaribiana, muda wa mkataba pia. Tofauti kubwa imekaa kwenye mstari ambao wengi huuruka: nafasi iko chini ya idara gani. Meza yako ikiwa idara ya kompyuta, utafanya kazi ya namna moja. Ikiwa kwenye korido yenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, utafanya nyingine kabisa, hata kama modeli ni ileile.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyepata barua mbili mkononi, au anayeandika maombi mawili wiki moja na hajui lipi alitilie maanani zaidi. Mimi nina upande ninaouegemea, na nitausema huko mbele pamoja na sababu zake.

Kazi yenyewe

DNA huandikwa kwa herufi nne. Protini huandikwa kwa herufi 20, kila moja ikiwakilisha asidi amino. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na sehemu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2. Kazi ni kuifundisha kompyuta isome mfuatano na kubashiri jambo fulani: protini hii itajikunja kwa umbo gani, badiliko hili la herufi moja litakiharibu kimeng'enya au halitakigusa, kipande hiki cha DNA kitawasha jeni kwenye seli za ini au kitakaa kimya.

Fani si changa. Mbinu ya Needleman na Wunsch ya kupanga mifuatano miwili sambamba ilichapishwa mwaka 1970, na BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, ilitoka 1990. Kilichowaamsha watu ni AlphaFold 2, modeli iliyowaacha washindani mbali kwenye CASP ya mwaka 2020, shindano la kubashiri maumbo ya protini. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya. Ndiyo maana siku hizi hata idara ambayo haijawahi kumiliki seva inatafuta mtu wa ujifunzaji wa mashine.

Data inatoka wapi

Hapa ndipo nafasi hizi mbili zinapoachana njia, na mtu akinipa dakika tano tu za kumshauri, nitazitumia zote hapa.

Kundi la idara ya kompyuta kwa kawaida huishi kwa data ya hadharani, na data hiyo ni nyingi kweli. UniProt ina mifuatano ya protini zaidi ya milioni 100. Hifadhi ya maumbo ya protini, PDB, ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba na ikavuka 200,000 mwaka 2023. GenBank, hifadhi ya mifuatano ya DNA, ipo tangu 1982. Unapakua usiku, asubuhi unaanza kazi. Huna wa kumsubiri. Isipokuwa data ya watu binafsi: jenomu za washiriki wa mradi kama UK Biobank, utafiti wa afya wa Uingereza wenye washiriki kama 500,000, hutolewa kwa maombi na masharti, wala huwezi kuzibeba kwenye kompyuta yako ya mkononi ukaondoka nazo.

Sasa ingia ndani ya UniProt uangalie vizuri. Sehemu iliyopitiwa na wataalamu, Swiss-Prot, ina maingizo kama 570,000. Yaliyobaki, yaani sehemu kubwa mno, yamepewa maelezo na programu, hasa kwa kuyafananisha na yale machache yanayojulikana. Ukiifundisha modeli kubashiri kazi ya protini kwa kutumia maelezo hayo bila kuchuja, kwa sehemu kubwa unaifundisha kuiga programu nyingine. Itapata alama nzuri, na alama hizo hazitakuwa zimesema chochote kipya kuhusu protini. Mtu aliyekaa na wanabiolojia mwezi mmoja analijua hili. Aliyekaa na mafaili peke yake anaweza kumaliza mwaka bila kulishtukia.

Upande wa maabara, data inatengenezwa mlango wa pili. Tuseme mwenzako ana kimeng'enya chenye asidi amino 300. Akibadilisha asidi moja kwa wakati, kila nafasi ikipewa zile 19 nyingine, anapata vibadala 5,700. Anaviingiza kwenye bakteria, anawaweka kwenye mazingira ambayo kimeng'enya kikifa bakteria naye anakufa, kisha anasoma mifuatano ya waliobaki. Kinachokufikia ni jedwali lenye safu mbili: badiliko na alama. Kwa macho ya mtu wa kompyuta ni data kiduchu, kwa sababu mistari 5,700 haitoshi hata kuipasha moto modeli kubwa. Ila kila namba humo ilipimwa, na aliyeipima unakunywa naye chai.

Na huyo ndiye atakayekwambia mambo ambayo faili halisemi. Mfano ni sahani za plastiki zenye visima 96. Visima vya ukingoni hupoteza maji kwa kuvukizwa kuliko vya katikati, kwa hiyo vipimo vyake huweza kupinda. Kama vibadala vya mwanzo wa protini vilipangwa safu za ukingoni, modeli yako itagundua kwa furaha kwamba mwanzo wa protini una tabia ya pekee. Au sahani tatu zilisomwa Jumatatu na tatu Alhamisi, baada ya mashine kurekebishwa, na modeli ikajifunza siku ya wiki. Ukiuliza kwenye korido, jibu linapatikana kabla chai haijapoa. Ukiwa idara nyingine, upande wa pili wa chuo, huwezi hata kujua kwamba kulikuwa na swali la kuuliza.

Ubaya wake ni kuchelewa. Seli zimekataa kukua, zamu ya mashine ya kusoma mifuatano wamepewa wengine, mwanafunzi aliyeanza jaribio amehamia kwingine. Unaweza kukaa miezi mingi ukipanga na kupangua modeli ya data ambayo haijazaliwa. Kwenye usaili muulize msimamizi moja kwa moja: data ninayoajiriwa kuifanyia kazi iko tayari leo, ndiyo au hapana? Akijibu kwamba itakuwa tayari ukifika, jihesabie kuwa haipo.

Siku inavyokwenda

Idara ya kompyuta, siku yako ni ya modeli. Unaandika msimbo, unatuma kazi kwenye foleni ya GPU (vichakato vinavyotumika kufundishia modeli), unasoma makala wakati foleni inasogea, mchana mnabishana ubaoni kama namna ya kukata mfuatano vipande vipande ina maana yoyote. Walio karibu nawe wanafahamu unachofanya na watakurekebisha. Kwa mtu ambaye msingi wake wa ujifunzaji wa mashine bado haujakaa sawa, hii ni shule ambayo maabara haiwezi kumpa.

Maabara, wewe ni "mtu wa kompyuta". Kaa macho na cheo hicho. Kitaanza hivi:

"Samahani Daktari, nina faili hapa linanisumbua. Dakika tano tu."

"Lete tulione."

Ukilifungua unakuta jedwali ambamo jeni zimegeuka tarehe. Programu ya majedwali iliona SEPT1 ikadhani ni tarehe mosi Septemba. Tatizo hili lilikuwa sugu kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilikuwa imeamua kubadilisha majina yenyewe, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Mafaili ya zamani bado yanazunguka, na yatakufikia wewe. Dakika tano zinakuwa alasiri nzima. Kesho analeta mwingine. Mwisho wa mwaka umesaidia miradi sita na wako haujasogea. Mtafiti akageuka fundi wa ofisi bila mtu yeyote kumkosea adabu.

Dawa ipo, lakini hutolewa kabla ya kusaini: mkubaliane ni sehemu gani ya wiki ni ya kusaidia wengine, na msaada huo ukiingia kwenye makala, jina lako linaingia wapi. Msimamizi mzuri hatakuona msumbufu kwa kuuliza hivyo. Atajua umeshawahi kufanya kazi na watu.

Hata hivyo korido hiyohiyo inakuokoa na makosa ya kimyakimya. Faili za aina ya BED huhesabu nafasi za DNA kuanzia sifuri, za GFF huanzia moja. Ukizichanganya, kila kitu kinateleza herufi moja. Programu haitatoa onyo, modeli itafundishika kama kawaida, matokeo yatashuka kidogo tu, nawe utalaumu usanifu wa modeli. Vilevile toleo la jenomu: namba ya nafasi kwenye GRCh37 mara nyingi haionyeshi mahali palepale kwenye GRCh38. Kwenye maabara nzuri ya jenomu swali la kwanza kuhusu faili lolote ni hilo, toleo gani?

Utajuaje kama modeli imefaulu

Desturi ya ujifunzaji wa mashine ni kuchanganya data, kuigawa kwa bahati nasibu, kufundishia sehemu moja na kupimia nyingine. Kwa picha za barabarani huenda ikafaa. Kwa protini ni mtego, kwa sababu protini zina ukoo. Himoglobini ya nyani na ya binadamu zinakaribia kuwa kitu kimoja. Moja ikiwa kwenye seti ya kufundishia na nyingine kwenye seti ya kupimia, unamtahini mwanafunzi kwa karatasi ambayo kaka yake alimwonyesha jana.

Njia ya uadilifu ni kuzipanga protini kwa ukaribu wao kwanza, kwa programu kama MMseqs2 au CD-HIT, kisha ukoo mzima uende upande mmoja. Kiwango cha asilimia 30 ya ufanano hutumika sana, ingawa hata chini ya hapo protini mbili zinaweza kuwa na umbo moja. Kwa DNA, wengi hutenga kromosomu nzima kwa ajili ya kupimia, na hapo pia jeni zilizojirudufu huvuka mpaka. Ukigawa kwa namna hii alama zinashuka, wakati mwingine zinaporomoka, na ndiyo maana si kila mtu ana hamu ya kugawa hivyo.

Ungetarajia idara ya kompyuta ndiyo iwe makini zaidi hapa. Makundi mengine ya huko ni makini kweli. Ila mazingira ya kushindania jedwali la alama yana mvuto wake. Kuna vipimo vya pamoja kama ProteinGym, chenye majaribio zaidi ya 200 ya vibadala vya protini, na ni kitu cha maana, kwa sababu bila hicho kila kundi lingejipimia kwa rula yake. Tatizo linakuja pale mwaka mzima wa mtu unapokwenda kwenye kupandisha alama ya wastani kidogo, bila kuuliza kama upandaji huo unamsaidia yeyote kuchagua kibadala bora.

Mfano wa Enformer naupenda kwa sababu ni wa heshima, modeli yenyewe ni nzuri. Ilitoka 2021, inasoma karibu herufi 200,000 za DNA kwa mkupuo, na inabashiri kwa ustadi jeni ipi inafanya kazi kwa wingi kwenye seli zipi. Mwaka 2023 makundi mawili yakaiuliza swali la pembeni kidogo: kwa jeni moja, kati ya watu wenye tofauti ndogondogo za DNA, nani ana kiwango cha juu na nani cha chini? Kwa jeni nyingi modeli ilikosea hata mwelekeo, ikisema juu panapokuwa chini. Ilikuwa imejifunza kinachotofautisha jeni na jeni, lakini si kinachomtofautisha mtu na mtu. Na swali la mtu na mtu ndilo daktari analolitaka.

Maabara ina kipimo kisichodanganyika kirahisi, nacho ni jaribio jipya. Modeli ichague vibadala 50, mbinu rahisi ichague vingine 50, vyote vitengenezwe bila mpimaji kuambiwa kipi ni cha nani, halafu muone. Nasisitiza mbinu rahisi. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba mlinganyo wa mstari ulionyooka, ukilishwa mfuatano wenyewe pamoja na alama moja ya historia ya mageuzi ya protini, unashindana bega kwa bega na modeli nzito pale vipimo vinapokuwa vichache. Kundi lisiloweka mbinu ya namna hiyo kwenye jedwali lake, liwe la kompyuta au la biolojia, ningeliogopa.

Kwa hiyo swali la pili la usaili: tangu modeli itoe ubashiri hadi jibu la maabara lirudi, huchukua muda gani? Wakisema wiki sita hadi nane, hiyo ni nafasi ya thamani. Wakisema "tuna washirika", uliza washirika hao walitengeneza vibadala vyenu mara ya mwisho lini.

Machapisho na jina lako

Tamaduni hizi mbili hazisomani. Idara ya kompyuta inahesabu mikutano: NeurIPS, ICML, ICLR. Kuna tarehe ya mwisho ambayo haisogei, kurasa zenye kikomo, majibu ndani ya miezi michache, na ukikataliwa unajipanga kwa mkutano unaofuata. Biolojia inahesabu majarida. Makala moja huweza kuchukua miaka miwili au zaidi, wapitiaji wakaomba majaribio mapya, na majaribio mapya ni miezi mingine. Waandishi wanakuwa wengi. Jina la kwanza ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la mkuu wa maabara, na wa katikati hushukuriwa. Mtu wa kompyuta kwenye maabara ya biolojia huishia katikati kwa urahisi sana.

Mikutano ya ISMB na RECOMB imekaa kati ya dunia hizo mbili na pande zote zinaiheshimu kiasi. bioRxiv, tovuti ya makala za awali iliyoanza 2013, inakuwezesha kuonyesha kazi kabla jarida halijaamua, jambo linalomsaidia mwenye mkataba mfupi.

Fikiria atakayesoma wasifu wako baadaye. Ukilenga kampuni au kufundisha idara ya kompyuta, makala mbili za mikutano ukiwa jina la kwanza zina uzito kuliko jina la tano kwenye jarida kubwa. Ukilenga kuongoza maabara ya biolojia, kinyume chake: jopo la wanabiolojia linaweza kuitazama makala ya ICLR likauliza ni jarida gani.

Mashine

Watu huhangaika na hili kupita kiasi. Ni kweli modeli za lugha hula kumbukumbu: kwenye muundo wa kawaida, ukiongeza urefu wa mfuatano mara mbili, hesabu ya uhusiano kati ya herufi inaongezeka mara nne. Ni kweli pia kwamba ESM-2, modeli ya lugha ya protini, iliyo kubwa kabisa ina vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) bilioni 15, na hakuna maabara ya kawaida ya chuo itakayoifundisha kitu kama hicho kutoka mwanzo. Lakini huhitaji. Ndogo yake ya vigezo milioni 650 inatosha kwenye GPU moja nzuri, na kwa kazi nyingi za protini ndiyo watu wanayoitumia. Maabara yenye GPU mbili na watumiaji wawili inaweza kukufaa kuliko idara yenye 64 na foleni ya wanafunzi 90. Uliza foleni, usiulize idadi.

Protini au DNA?

Wakati mwingine barua mbili zinatofautiana hapa pia. Kwa mkataba mfupi, chukua protini. Mifuatano ni mifupi, mageuzi ya mamilioni ya miaka yameacha alama zinazosomeka, maumbo yapo kwenye PDB ya kulinganishia, na kubadilisha asidi amino moja ukapima ni kazi ya kueleweka.

DNA ni bahari. Sehemu kubwa ya herufi hazionyeshi maana ya moja kwa moja, swichi ya kuwashia jeni inaweza kukaa mamia ya maelfu ya herufi mbali na jeni yenyewe, na kipande kilekile kinatenda hivi kwenye seli ya ini na vile kwenye neva. Zaidi ya hayo uzi una pande mbili, kwa hiyo modeli inapaswa ijue kusoma upande wa pili kinyumenyume kwa herufi zilizojalizana (A kwa T, C kwa G), na si zote zinajua. Maswali yake ni makubwa na mengi bado yako wazi, ndiyo sababu yanavutia. Yape miaka.

Msimamizi, na muda ulio nao

Kwenye maabara ya biolojia ambako hakuna mwingine anayejua ujifunzaji wa mashine, hakuna atakayegundua ukikosea. Utasifiwa kwa alama ya 0.98 wakati ulipaswa kuulizwa data uliigawa vipi. Kwenye idara ya kompyuta hatari ni nyingine: hakuna atakayekwambia kwamba swali lako halina maana kibiolojia, au kwamba lilishajibiwa miaka 20 iliyopita kwa njia isiyohitaji kompyuta. Ya kwanza inanitisha zaidi, kwa sababu inafurahisha.

Kabla ya kujibu barua, tafuta msimbo wa makala zao za nyuma. Unafunguka? Una maelekezo ya kuuendesha? Aliyeuandika bado anajibu maswali? Kisha soma orodha za waandishi: kama "ushirikiano wa karibu" upo, majina ya pande zote mbili yataonekana pamoja zaidi ya mara moja. Na omba kuzungumza na mtu aliyekwishaondoka kwenye kundi, si wale walioko, maana walioko wanasubiri barua za mapendekezo.

Muda unaamua mengi kuliko mapenzi. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka minne anaweza kusubiri data ya maabara mwaka mmoja na bado akamaliza vizuri. Mtafiti wa baada ya uzamivu mwenye mkataba wa miaka miwili hawezi, kwa kuwa miezi yake ya mwisho yote inakwenda kwenye kutafuta kazi nyingine. Msaidizi wa utafiti wa mwaka mmoja asiingie kabisa kwenye mradi ambao jaribio lake halijaanza. Uliza pia ufadhili unaisha tarehe gani, maana mkataba unaweza kusema unahuishwa na ruzuku yenyewe ikawa inaishia mwezi huohuo.

Ningechukua ipi

Kwa mtu ambaye msingi wake wa ujifunzaji wa mashine tayari uko imara na ana miaka mitatu au zaidi, ningemwambia aende maabara ya biolojia, kwa masharti mawili: data ya kuanzia iwepo siku ya kwanza, na awepo angalau mtu mmoja karibu anayeweza kusoma msimbo wake kwa jicho kali. Sababu ni ile ya jaribio jipya. Modeli unaweza kujifunza popote, na za mwaka huu mwakani zitakuwa zimepitwa. Kukaa karibu na anayepima hakupatikani kwa kusoma makala. Sharti moja likikosekana, idara ya kompyuta ni salama zaidi, na kwa anayejenga msingi ndiyo chaguo lenyewe hata yakiwepo yote mawili.

Ipo nafasi ya tatu, ya wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Kwenye karatasi ndiyo bora kuliko zote. Kwa vitendo huwa na bosi mmoja wa kweli, na ni vizuri umjue mapema: ni yule anayelipa kutoka kwenye ruzuku yake na anayesaini ripoti yako ya mwaka. Waandikie wote wawili kwenye barua pepe moja, uulize meza yako itakuwa jengo gani, mtakutana wote watatu mara ngapi kwa mwezi, na wakitofautiana kuhusu makala iende mkutanoni au jaridani nani ataamua. Ukijibiwa na mmoja tu, umeshajua bosi ni nani, na unaweza kurudi juu kwenye ulinganisho huu ukalichukulia tangazo lake kama la idara yake peke yake.